Maswali ya Wasomaji: Kishikwambi Kimefika Darasani, Mwanafunzi wa Dawati la Nyuma Je?

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: vifaa vya kidijitali vimeingia shuleni, je, vimemfanya mwanafunzi ashiriki zaidi katika somo, au vimebadilisha tu kitu anachokitazama? Nimechagua barua sita. Nilishika chaki kwa miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, kwa hiyo nitakapoeleza makosa ya darasani, msomaji ajue kwamba mengi niliyafanya mimi mwenyewe.

Swali: Darasa hutulia nikionyesha video, lakini kesho yake hawakumbuki

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali. Ni miongoni mwa walimu waliopewa vishikwambi baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Darasa langu lina wanafunzi 84, na shule ina projekta moja tunayopokezana. Nikionyesha video, darasa hutulia kuliko siku nyingine yoyote, hata wale watundu. Kesho yake nikiuliza maswali, wanaonyoosha mikono ni wale wale wa siku zote. Nakosea wapi? — Mwalimu, Tanga

Jibu: Mwalimu mwenzangu, hukukosea kutumia video. Ulichokosea, kama nilivyokosea mimi, ni kuuchukua utulivu wa darasa kuwa dalili ya kuelewa.

Nakumbuka kipindi kimoja cha biolojia, kidato cha pili, nilipoazima projekta nikawaonyesha wanafunzi moyo ukidunda, damu nyekundu na ya buluu ikipita katika vyumba vyake vinne. Wa nyuma walipanda juu ya madawati ili waone. Nilitoka darasani nimefurahi mno. Siku mbili baadaye nikachora moyo ubaoni bila maandishi yoyote, nikawaita mmoja mmoja waonyeshe kwa kidole damu inayotoka mapafuni huingia katika chumba kipi. Wa kwanza hakujua, wa pili alibahatisha, wa tatu alisimama mbele ya ubao bila kuinua mkono. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliniambia kwa upole kwamba yeye alichokumbuka ni rangi. Jibu lile sijalisahau hadi leo, kwa sababu lilikuwa la kweli: nilikuwa nimempa rangi za kutazama, sikumpa jambo lolote la kuamua.

Hapo ndipo penye tatizo. Video huendelea kwenda mbele, mtoto aelewe asielewe, na haimdai chochote. Mwanafunzi hushiriki pale anapolazimika kuchagua jibu, kulisema, na kulitetea mbele ya mwenzake. Mwaka 1991 Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kukatiza mihadhara yake kwa maswali baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake hodari, waliokokotoa kwa kanuni bila shida, walishindwa maswali mepesi ya kuelewa dhana yenyewe. Huuliza swali lenye majibu kadhaa ya kuchagua. Kila mmoja hufikiri peke yake na kupiga kura. Kisha humgeukia jirani mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi. Halafu wote hupiga kura tena. Utaratibu huo hauhitaji umeme.

Nikupe swali ambalo nimelitumia mara nyingi, na ambalo halijawahi kuniangusha. Shika kokwa la embe mkononi, kisha uwaonyeshe mwembe ulio nje ya dirisha. Uliza: tukiukata mwembe ule na kuukausha hadi maji yote yatoke, mbao kavu inayobaki imetokana na nini kwa sehemu kubwa? A ni udongo, B ni mbolea, C ni hewa, D ni mwanga wa jua. Wape dakika moja ya kimya, kila mtu aandike herufi yake daftarini. Kisha waambie kila mmoja ainue kadi ya herufi aliyoichagua. Utakuta A zimejaa kuanzia mbele hadi nyuma. Usiseme kitu, na hapa mwalimu ajitahidi hata uso wake usiseme kitu. Waache wabishane wawili wawili kwa dakika tatu, nawe pita katikati ya madawati ukisikiliza. Mmoja atauliza, kama mti hula udongo, mbona hakuna shimo chini ya mwembe? Ukilisikia swali hilo, ujue somo limeanza. Hapo sasa ndipo washa projekta uwaonyeshe mchoro wa Jan Baptist van Helmont, Mbelgiji wa karne ya 17, aliyepanda mti mdogo katika chungu chenye udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulipungua kwa gramu chache zisizotimia 100. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, na hakujua kwamba jani huichukua hewa ya kaboni dayoksaidi na kuitengenezea chakula na mbao. Wanafunzi wako, wakiisha kubishana, watakuwa na hamu ya kujua alichokosa mtu yule.

Kadi hizo zikate kutoka katika maboksi ya dukani, nne kwa kila mwanafunzi, na ziwe na rangi tofauti ili darasa la watoto 84 ulisome kwa jicho moja. Zikiwa nyingi mno za jibu sahihi, endelea mbele; zikiwa chache mno, rudi ufundishe upya; zikigawanyika, huo ndio wakati wa kuwaacha wajadiliane. Ipo pia programu iitwayo Plickers, ambayo kila mwanafunzi hushika karatasi yenye alama yake, akaigeuza upande wa herufi anayoichagua, na mwalimu akapitisha kamera ya simu au ya kishikwambi juu ya darasa zima ili apate jibu la kila mmoja kwa jina. Inapendeza, hasa kwa sababu inaweka kumbukumbu, na mtoto mwenye haya hajulikani na wenzake amechagua nini. Lakini usisikitike kama huna. Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia nchini Kanada, alilinganisha vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura na kadi za kawaida, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba wanafunzi wa kadi walijifunza sawa na wa vifaa.

Kwa hiyo video yako ikate iwe ya dakika tatu au nne, na uisimamishe kabla jambo kubwa halijatokea, uwaulize wanadhani litatokea nini. Vivyo hivyo kwa majaribio ya kuigiza ya PhET, yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani tangu 2002. Ni ya bure, baadhi yake yamo kwa Kiswahili, na unaweza kuyapakua siku yenye mtandao na kuyatumia siku isiyo nao. Unganisha betri na balbu kwenye skrini, acha waya mmoja haujafunga, na kabla hujagusa swichi waombe wapige kura kama taa itawaka. Kishikwambi kimoja kinawatosha watoto 84 kikitumika namna hiyo.

Swali: Shule inataka tabuleti kwa kila mtoto, vitabu viondoke

Shule ya kibinafsi anakosoma binti yangu, gredi ya tano, imetuandikia wazazi kwamba kuanzia muhula ujao kila mtoto awe na tabuleti, na vitabu vya karatasi vitapunguzwa hadi viishe. Tumeambiwa kwamba watoto watapenda masomo zaidi. Bei inanitisha, lakini sitaki mwanangu aachwe nyuma. Nifanyeje? — Mama, Mombasa

Jibu: Dada yangu, kabla hujatoa fedha, uliza shule maswali mawili, na uombe majibu ya maandishi. La kwanza: ni jambo gani mtoto atalifanya kwa tabuleti ambalo hawezi kulifanya kwa kitabu na daftari? Jibu zuri litataja kazi, kwa mfano kurekodi sauti yake akisoma, kupima joto kila saa na kuchora grafu, au kufanya mazoezi ya hesabu yanayopanda ngazi kadiri anavyoweza. Jibu baya litataja kifaa tu. La pili: ni vipindi vingapi kwa siku skrini zitakuwa zimezimwa na kuwekwa kando?

Kuhusu kuviondoa vitabu, hapo mimi nakataa waziwazi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 na kukuta kwamba wasomaji huelewa zaidi wakisoma maandishi ya maarifa kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, na tofauti huwa kubwa zaidi wakiwa na muda mfupi. Kwa hadithi peke yake tofauti hiyo haikuonekana. Uswidi, nchi iliyotangulia wengi kuingiza vifaa darasani, ilianza mwaka 2023 kutenga fedha za serikali ili kurudisha vitabu vya karatasi kwa watoto wadogo. Kuna pia jambo ambalo wazazi hawalifikirii: kifaa cha mwenzake. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanafunzi wa chuo anayekaa mahali anapoona kompyuta ya jirani anayeshughulika na mambo mengine hupata alama za chini, hata kama yeye mwenyewe anaandika kwa karatasi tu. Ikiwa watu wazima wa chuo walipotezwa namna hiyo, binti wa miaka 10 atajizuiaje?

Pendekeza shuleni, ukiwa na wazazi wenzako, wanunue seti moja ya vifaa 30 vinavyohama kutoka darasa hadi darasa kwa ratiba, vikae chini ya ulinzi wa shule, na vitabu vibaki. Gharama itagawanyika. Na binti yako hataachwa nyuma kwa kusoma kitabu.

Swali: Tabuleti zetu zimefungiwa stoo

Shule yetu ya msingi ya umma ilipokea tabuleti za mpango wa serikali wa ujuzi wa kidijitali. Siku za mwanzo tulizitumia kwa furaha. Sasa nyingi zimo katika kabati la chuma, ufunguo ninao mimi, na walimu hawaziombi. Wanasema wanaogopa kuziharibu, na betri hazikai na chaji muda mrefu kama zamani. Nitazirudishaje darasani? — Mwalimu mkuu, Kaunti ya Kisumu

Jibu: Mheshimiwa mwalimu mkuu, hali yako inafahamika na wengi, na haikutokana na uvivu. Mpango huo ulianza kama ahadi ya mwaka 2013 ya kuwapa watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi, ukabadilika kuwa tabuleti, ukajaribiwa mwaka 2016 katika shule 150, kisha ukaenea hadi vifaa zaidi ya milioni moja vikafika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kazi ya kufikisha vifaa ilikuwa kubwa na ilifanyika. Kazi iliyobaki ni ya kila siku ndani ya shule: nani atachaji, nani atamsaidia mwalimu siku ya kwanza programu inapogoma, na kikianguka kimoja nani atalipa.

Anza na hilo la mwisho, kwa maana ndilo linaloufunga mlango wa kabati. Kaa na bodi ya shule mwandike kwamba kifaa kikivunjika katika kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba, mwalimu hatakatwa chochote. Mwalimu anayeogopa kukatwa mshahara kifaa kikivunjika hatakiweka mikononi mwa watoto wa gredi ya pili, nami simlaumu. Baada ya hapo, chagua tabuleti zinazokaa na chaji angalau saa mbili. Ukipata 12 zinakutosha kwa vikundi vya watoto wannewanne. Mchague mwalimu mmoja mwenye moyo, si lazima awe kijana, umpe darasa moja kwa muhula mmoja, na wengine waje kutazama.

Kuhusu kazi ya kuwapa watoto, nakusihi uanze na kinasa sauti, ambacho kimo katika kila tabuleti na hakihitaji intaneti. Kikundi kinapewa aya moja ya Kiswahili au ya Kiingereza. Mtoto wa kwanza anasoma na kujirekodi, halafu wanasikiliza wote wanne wakifuata kwa kidole kitabuni. Nimemwona mvulana aliyezoea kuruka maneno magumu akijisikiliza, akashtuka, akasema “nimeliruka hili,” akabonyeza kitufe arudie bila kuambiwa na mtu. Alirudia mara tano. Mwalimu wake aliniambia kwamba tangu Januari alikuwa hajamsikia akisoma aya nzima kwa hiari yake. Jioni mwalimu anazisikiliza rekodi tano au sita, na kesho anajua nani akae naye karibu. Katika darasa kubwa hakuna njia nyingine ya kumsikia kila mtoto akisoma.

Pia nikukumbushe jambo lililofanyika katika kaunti yako mwenyewe. Watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walilinganisha njia tatu katika shule za Kisumu: kuwapa tabuleti maafisa wanaowatembelea walimu na kuwashauri, kuwapa walimu, na kuwapa wanafunzi visomeo vya kielektroniki. Shule zote hizo zilikuwa pia na vitabu na mafunzo ya walimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale waliokuwa nje ya mradi, wala hapakuwa na tofauti ya kutegemewa kati ya kundi na kundi, lakini njia ya kumpa afisa ilikuwa na gharama ndogo kuliko nyingine zote. Afisa alikaa darasani, akajaza alichokiona katika tabuleti yake, akampa mwalimu ushauri siku hiyo hiyo. Mpango wa Kenya wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, ulioanza mwaka 2015, uliifuata njia hiyo nchi nzima. Kwa hiyo hata kama ukifufua tabuleti moja tu, itumie wewe kukaa nyuma ya darasa na kuandika ni watoto wangapi waliopata nafasi ya kusema katika kipindi, kisha mkae na mwalimu mzungumze.

Swali: Je, nitakapohitimu kutakuwa bado na kazi ya ualimu?

Ninasoma ualimu mwaka wa pili. Mwenzangu ananiambia kwamba huko Tanga watoto walijifunza kusoma kwa vishikwambi bila mwalimu yeyote. Kama ni kweli, sisi tunasomea nini? — Mwanachuo, Morogoro

Jibu: Kijana wangu, ni kweli, na inafaa uijue habari yenyewe yote. Ni mashindano ya kutengeneza programu za kujifunzia yaitwayo Global Learning XPRIZE. Kwa muda wa miezi 15 hadi mwaka 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, huku kila kijiji kikiwa na kituo cha sola cha kuchajia. Karibu robo tatu ya watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi hiyo 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu, na programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Kwa mtoto ambaye hana shule, hiyo ni baraka, na sipendi mtu aibeze. Tazama lakini upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo: karibu nusu ya watoto walimaliza mwaka na zaidi wakiwa na kifaa mkononi, na bado neno moja halisomeki. Programu haikujua kwamba huyu haoni vizuri, kwamba yule lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili, kwamba wa tatu ananyang’anywa kifaa na kaka yake kila jioni. Watoto hao ndio watakaokungoja wewe. Chuoni, jifunze kwa bidii namna ya kumpima mtoto mmoja mmoja na kugundua alipokwama. Kazi ya kurudia mazoezi ya silabi mara mia, mwachie kishikwambi.

Swali: Nikitumia akili mnemba kufanya kazi za nyumbani, ni wizi?

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Likizo hii nimetumia programu ya akili mnemba katika simu ya baba kufanya hesabu zote nilizopewa, na nimepata alama za juu. Baba anasema ni wizi. Mimi naona ni sawa na kumuuliza kaka. Naomba utuamue. — Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Marahaba mwanangu. Ukiandika jina lako juu ya kazi usiyoifanya, baba yako ana haki. Lakini mimi nataka nikuonye juu ya hasara nyingine ambayo wewe ndiye utakayeilipa.

Nchini Uturuki watafiti waliwafuatilia karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari katika somo la hisabati. Kundi moja lilipewa programu ya akili mnemba ya kawaida wakati wa mazoezi, na alama zao za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48 kuliko wasiokuwa nayo. Kisha wote wakafanya mtihani bila msaada wowote. Waliokuwa wametumia programu hiyo walipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa programu iliyotengenezwa ili itoe vidokezo tu bila kutoa jibu. Hao mazoezi yao yalipanda zaidi, na katika mtihani walikuwa karibu sawa na wasioitumia. Yaani hata ile iliyo nzuri haikuwaongezea kitu kikubwa mtihanini, ila haikuwadhuru. Na katika chumba cha mtihani wa taifa, mwanangu, utakuwa wewe na kalamu yako.

Fanya hivi. Hesabu ifanye kwanza kwenye daftari mpaka unapokwama, na uandike kwa maneno umekwama wapi: “nimeshindwa kujua kwa nini alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha.” Ndipo uiulize programu kuhusu mstari huo mmoja, uiambie isikupe jibu la mwisho, kisha uifunge simu na urudie hesabu tangu mwanzo. Na uhakiki inachokwambia, kwa sababu hukosea kwa lugha ya kujiamini kabisa. Ukimuuliza kaka, naye afanye vivyo hivyo: akupe kidokezo, asikuandikie.

Walimu wanaosoma jibu hili nawaomba nao wapunguze kazi za nyumbani za kunakili na kuongeza dakika tano za kumwita mwanafunzi ubaoni aeleze alivyopata jibu lake. Kazi iliyofanywa na simu haifiki mbali mbele ya swali la “kwa nini?”

Swali: Mjukuu wangu hana simu janja

Barua hii ninaandikiwa na jirani. Mimi ni bibi, ninamlea mjukuu wangu wa darasa la nne. Nina kitochi na redio, basi. Nasikia watoto wa mjini wanasomea kwenye simu kubwa. Mjukuu wangu ameshachelewa? — Bibi, Sumbawanga

Jibu: Shikamoo Bibi, na umshukuru jirani kwa kukuandikia. Mjukuu wako hajachelewa. Kitochi chako kina kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa nchini Botswana kwa sababu ya korona, watafiti walizichukua familia zipatazo 4,500 zenye simu za kawaida. Baadhi walitumiwa hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe huo huo, na mwalimu akawapigia simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, akafanya hesabu hizo pamoja na mtoto huku mzazi akisikiliza. Ujumbe peke yake haukusaidia kwa kiasi cha kuonekana. Waliopigiwa simu walijifunza. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika nchi nyingine tano, zikiwemo Kenya na Uganda, na simu ya mwalimu ikaendelea kuwasaidia watoto. Redio yako nayo usiidharau: vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza Tanzania mwaka 2014 kwa Kiswahili, husikika pia redioni, na Zanzibar imewahi kuwafundisha watoto wadogo kwa kipindi cha redio kiitwacho Tucheze Tujifunze, ambacho huuliza swali kisha hunyamaza ili mtoto ajibu.

Nenda shuleni umwombe mwalimu wa hesabu, kwa heshima kama unavyojua, akupigie likizo hii siku moja kwa wiki, na mchange na wazazi wawili watatu kumnunulia vocha. Siku hiyo weka simu kwenye spika. Mjukuu akae na daftari na punje za maharage za kuhesabia, nawe ukae karibu usikilize. Akikosea usimtajie jibu hata kama unalijua; mwache mwalimu amuulize amelipataje.